Kashikwa na Malagarasi

Kibondo, 24 Machi 2025

Shemeji Mwalimu Kipriani,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimekupigia simu mara tatu. Mara zote amepokea mkweo Reine, na nyuma yake nakusikia ukiuliza "Nani? Nani?" kama mlinzi wa ghala. Basi narudi kwenye kalamu. Barua hii nampa kondakta wa basi la asubuhi. Anasema anakufahamu vizuri huko Kasulu, kwa sababu ulimchapa darasa la nne.

Habari ya ugonjwa wako nimeipata, na sitaki kuizungumza kwenye karatasi. Nataka uje. Baraza langu limekwisha kusakafiwa. Jumapili ya tarehe 4 Mei, baada ya misa ya kwanza, nataka tukae tucheze karata mpaka jua lipungue, kama tulivyokuwa tukicheza kijijini kule karibu na mto. Marehemu Pasikali angetimiza miaka sabini na tano siku hiyo. Mume wangu hakuwa mtu wa kupenda kuliliwa. Alipenda kushinda.

Tutakuwa watatu: wewe, mimi, na mdogo wangu Immakulata ambaye naishi naye siku hizi, na ambaye bado anaficha turufu ndani ya kitenge na kuapa kwa Bikira Maria kwamba hana. Wewe ndiye uliyekuwa ukituchagulia michezo na kutusomea sheria kana kwamba tuko darasani. Haya, chagua. Mitatu inatosha, iwe ya watu watatu, na usilete ule wa kupigana vikumbo vya mikono, vidole vyangu vimekauka.

Usiniambie huwezi kusafiri. Lami ipo.

Shemeji yako,
Vestina Ndayikeza


Kasulu, 29 Machi 2025

Shemeji Vestina,

Milele na milele, amina. Kondakta ameileta barua mpaka mlangoni. Anasema hakumbuki nilimchapa kwa kosa gani. Mimi nakumbuka.

Masikio yamekwisha, na tumbo nalo linafuata. Daktari aliniambia mwaka huu nisijisumbue kuandaa mbegu za mahindi ya msimu ujao. Alidhani amenificha jambo kwa lugha ya kilimo. Nililima kabla yeye hajazaliwa, nikamwelewa.

Nimeipitia kichwani michezo ya watu watatu. Lasti kadi ni ya vijana: kelele nyingi, na anayesahau kutamka neno anaadhibiwa kwa kuchota. Ule wa kumsaka mwizi, ambapo anayebaki na karata isiyo na mwenzake ndiye mwizi, ni wa watoto, na Immakulata atalia. Upo wa kuokota mezani zinazolingana, ambao mtu anaweza kuucheza huku amesinzia. Yote nimeiandika, yote nimeifuta. Mchezo kwetu ulikuwa mmoja, sitini na moja, wawili kwa wawili. Unakaa mkabala na mwenzio, huoni karata zake, unamwamini.

Na huo unataka watu wanne. Mtu wa nne tunaye, shemeji. Fidele yuko hai. Anachonga viti na milango karibu na kambi ya Nduta, kwa pikipiki si mbali na kwako. Mwite.

Nakuomba usikasirike kabla ya kufika mwisho wa mstari huu. Najua umeshakasirika.

Kipriani Nduwayezu


Kibondo, 3 Aprili 2025

Shemeji,

Nimekasirika, na nimesubiri siku mbili ili hasira ipungue, haikupungua.

Jina hilo usiniandikie tena. Umezeeka hivyo hata umesahau? Mimi nitakukumbusha. Machi 1998, yeye na mume wangu walivuka mto kwenda kuangalia mbao za paa. Walipokuwa wanarudi mtumbwi ukapinduka. Yeye akafika ukingoni. Mume wangu akabaki katikati ya Malagarasi amekumbatia mti, yu hai, anaita. Na huyo mtu unayetaka nimpikie maharage alikaa ukingoni zaidi ya saa mbili nzima mpaka tawi likakatika. Kijiji kiko nusu saa kutoka pale. Nusu saa! Tulipomuuliza kwa nini hakuja kuita watu, akasema hakutaka kumwacha peke yake, na kwamba alituma karatasi kwa mwalimu. Karatasi ambayo hakuna aliyeiona. Mchukuzi ambaye hakuna aliyemjua.

Wewe ndiye uliyesimama kwenye matanga ukasema hukupata karatasi yoyote. Bila wewe huenda ningemwamini. Nilikushukuru kwa hilo. Mpaka leo nakushukuru, kwa sababu mjane anayedanganywa na watu wote huhitaji walau mmoja anayesema kweli.

Kama moyo wako umelainika kwa ajili ya ugonjwa, nenda kwa padri. Kwangu tutakuwa watatu. Nitumie michezo.

Vestina


Kasulu, 9 Aprili 2025

Shemeji Vestina,

Nimekusikia. Tutakuwa watatu.

Wa kwanza uwe ule wa kuokota, ili mikono ipate joto. Kila mtu anapewa karata nne, nne zinawekwa wazi mezani, na mwenye kulinganisha anakula. Wa pili uwe wa mwizi. Immakulata akilia, kuna chai. Wa tatu tuujaribu sitini na moja wa watu watatu, kila mtu kivyake, ambao sijawahi kuupenda kwa sababu mtu anacheza bila mwenzake, lakini unachezeka. Karata usinunue za plastiki, zinateleza.

Reine amekubali kunileta. Ameazima gari la ndugu yake. Anasema, "Papa, tutaenda polepole sana, kama wanaopeleka mayai."

Juu ya Fidele sitarudia, ila hili moja, kisha tuliache. Unamhukumu kana kwamba alikaa ukingoni akivuta sigara. Fikiria mtu anatetemeka, ana kipande cha penseli ya useremala, mvua inampiga, na mwenzake anaita kutoka majini. Ataandika nini zaidi ya maneno sita? Nani anaweza kuueleza mto kwa maneno sita, na mtu mwingine akaelewa?

Niandikie kama nilete mkeka.

Kipriani


Kibondo, 12 Aprili 2025

Mwalimu,

Barua yako niliisoma kwanza kimya, kisha kwa sauti, Immakulata akichambua mchicha. Yeye ndiye aliyeacha mchicha akaniambia, "Dada, soma tena hapo."

Fidele alisema alituma karatasi. Ni hilo tu alilosema. Hakupewa nafasi ya kusema imeandikwa nini, kwa sababu ulipojibu wewe, shemeji yangu Nkunzimana alimkata kauli. Penseli hakuitaja. Maneno hakuyahesabu mbele ya mtu.

Umejuaje kwamba yalikuwa sita?

Usiniandikie mchezo wowote kabla ya kujibu hili.

Vestina Ndayikeza


Kasulu, 15 Aprili 2025
Jumanne ya Wiki Kuu

Vestina,

Kwa sababu niliisoma.

Nimekaa mbele ya mstari huo tangu asubuhi. Reine amepita akasema, "Papa, acha kuandika, chai inapoa." Nimemwambia aiache hapo.

Unakumbuka tulivyoiita garasa, ile karata mbovu isiyokula wala kuhesabiwa. Mahali pengine ni garasa tu. Sisi tuliokaa karibu na mto tukaiita Malagarasi. Pasikali ndiye aliyeanza utani huo, nasi tukaufanya lugha. Mtu akigawiwa karata mbaya tulisema kashikwa na Malagarasi. Na mmoja alipotaka kuwakusanya wenzake mchezoni alituma kikaratasi: fulani kashikwa na Malagarasi, njoo. Maana yake karata ziko mezani, njoo tumfunge. Wewe mwenyewe uliniandikia hivyo mara ngapi kutoka zahanati? Kati ya Kasulu na Kibondo hapakuwa na mtu mwingine ambaye angeisoma hivyo. Ni sisi watano.

Alhamisi ile, masika ya El Nino, nilikuwa ofisini nasahihisha madaftari ya darasa la saba. Akaja mwendesha baiskeli mwenye madumu ya mawese nyuma. Akasema, "Kwa mwalimu," akanipa kipande cha mfuko wa saruji, akaendelea na safari. Sikumjua, na sijamwona tena. Kwenye karatasi Fidele ameandika:

Pasikali kashikwa na Malagarasi. Njoo upesi.

Nilicheka. Nilidhani mvua imewarudisha mapema, wako nyumbani kwa Fidele, wameshagawa, wananingoja. Nikaitia mfukoni nikaendelea na madaftari.

Fidele hakuwa anatania. Aliandika kile alichokuwa anakitazama. Mto umemshika mtu. Ni Kiswahili cha kawaida ambacho mtoto wa darasa la pili angekielewa. Aliyekosea kukisoma ni mwalimu wa Kiswahili. Na aliniletea mimi, si mwingine, kwa sababu shule ndiyo iliyokuwa na kamba ndefu, ile ya mashindano ya kuvutana, pamoja na wanafunzi wakubwa wa kuivuta.

Kuhusu matanga. Nkunzimana aliniuliza mbele ya watu wote, "Mwalimu, huyu anasema alikuletea karatasi. Uliipata?" Wewe ulikuwa umekaa kwenye mkeka. Niliangalia ukingo wa mkeka, uzi mmoja ulikuwa umefumuka, nikasema, "Sikupata karatasi yoyote." Fidele akafungua mdomo. Nkunzimana akamwambia, "Nyamaza wewe. Mwalimu amesema."

Nilipokuwa nasema hivyo karatasi ilikuwa mfukoni mwangu. Baadaye niliitupa chooni.

Nilijiambia, nikikiri niliisoma, nani ataamini kwamba sikuelewa? Nitasimamaje tena mbele ya darasa? Nikajiambia pia kwamba Fidele ni fundi, ana mikono yake, maneno ya watu yatapita. Hayakupita. Mwaka ule ule watu waliacha kumpa kazi ya milango, naye akahama. Tulipopata uraia, sisi tuliokuja kama wakimbizi, majina yakasomwa uwanjani, lake likasomwa, na hakuna aliyepiga makofi. Mimi nilikuwepo. Sikupiga.

Sasa unajua kwa nini kila mchezo wa watu watatu unanishinda kuuandika. Nilitaka aje, nikiri mbele yenu wote kwa pamoja. Huo ndio ulikuwa mpango wangu. Ulikuwa mpango wa mwoga, maana nilitegemea mezani mtanionea huruma.

Ukitaka kumwonyesha barua hii mtu yeyote, ni yako.

Kipriani Nduwayezu


Kibondo, 19 Aprili 2025
Jumamosi Kuu

Mwalimu Kipriani,

Sikwenda kwenye njia ya msalaba jana. Immakulata amekwenda peke yake na amewaambia watu nina malaria.

Nilikuwa muuguzi miaka thelathini na minne. Mgonjwa akikueleza anapoumwa, kwanza anakueleza pale anapoweza kupataja. Unamwacha amalize. Kisha unauliza.

Karatasi ile ilikufikia saa ngapi?

Ilikuwa kavu au imelowa?

Na hili la tatu nalijua mimi. Jumapili ya kabla yake mlicheza kwangu, wewe na Immakulata mkafungwa. Pasikali alikuvisha gunzi la mahindi shingoni kama ilivyokuwa kawaida yetu kwa aliyeshindwa, akakukataza kulivua mpaka ufike kwako. Uliondoka bila kuniaga. Haikuwa kawaida yako. Nilimwambia Pasikali, "Umemzidishia mwalimu wa watu." Akacheka.

Usinijibu kwa barua ndefu. Barua ndefu nimeshaiona.

Vestina


Kasulu, 23 Aprili 2025

Vestina,

Saa tisa kasoro robo. Tawi lilikatika saa kumi na moja. Kwa kukimbia, na kamba mabegani mwa vijana, tungefika saa tisa na dakika kumi.

Ilikuwa imelowa. Ilinuka matope ya mto. Na mwandiko wa Fidele, mtu anayechora mstari ulionyooka bila rula, ulikuwa umepinda kama wa mtoto. Vyote hivyo niliviona. Kwa muda wa kuvuta pumzi mara moja nilijua kuna jambo.

Kisha nikakumbuka gunzi. Siku ile nilipotoka kwenu wanafunzi waliniona nalo njiani, na Jumatatu nilikuta mahindi yamechorwa ubaoni, yana miwani yangu. Nikasema moyoni, leo na waningoje. Nikienda mbio wataona sikuchukia. Nikachukua daftari lingine.

Yalikuwa yamebaki madaftari kumi na tisa. Niliyasahihisha yote.

Hata padri sijamwambia hili.

Kipriani


Kibondo, 26 Aprili 2025

Kaka Fidele,

Miaka ishirini na saba sijakuamkia. Tumekutana gulioni mara mbili nikavuka upande wa pili. Mara moja ulivua kofia, nami nikatema mate chini. Nakumbuka kwa sababu nilijisifu nalo nyumbani.

Ndani ya bahasha hii kuna barua mbili za Mwalimu Kipriani. Zisome kwa mpangilio wa tarehe. Sikumpa mtu wa pikipiki. Nazileta mwenyewe, na hata hii nakupa mkononi, kwa kuwa najijua, nikifika kwako sitaweza kusema lolote la maana.

Ulisema kweli. Mimi nilikuwa mke wa aliyekufa, na mke wa aliyekufa akisema neno watu hulifuata. Nilisema wewe ni muuaji. Nilisema mara nyingi.

Nitasubiri hapo nje mpaka umalize kusoma. Ukitaka niondoke, nitaondoka.

Vestina, mke wa Pasikali


Nduta, 29 Aprili 2025

Kwa Mwalimu Kipriani,

Mwidiwe, nakuamkia. Nimezisoma barua zako. Mimi nasoma polepole, Vestina alikaa kwenye gogo langu la mninga muda mrefu, watu wakafikiri ni mteja.

Yule wa baiskeli nilimwambia aseme "kamba". Nilirudia mara mbili: mwambie mwalimu kamba. Miaka yote nilifikiri alisema. Kumbe hakusema. Haya, hilo nakuondolea, si lako. Na mimi nikalaumu maandishi yangu pia. Ningeandika neno kamba tu, neno moja, tungekuwa tunaongea mengine. Lakini ukiwa na mtu majini unaandika jina lake.

Ya madaftari kumi na tisa, ungeniuliza mimi nisingekushauri uyaandike. Lakini umeyaandika, nimeyasoma.

Sasa nikwambie langu. Mke wangu Konsolata amefariki mwaka juzi, mwezi wa nane. Alihama na mimi, alikula na mimi ugali wa shida, hakunisema hata siku moja. Akiwa kitandani amebaki mifupa, aliniita akaniuliza, "Baba Aksanti, kweli ulimtuma mtu?" Nikasema nilimtuma. Akasema, "Haya." Hakunituhumu, Mwalimu. Aliuliza tu. Lakini miaka ishirini na tano alikuwa nalo swali hilo ndani, analala nalo upande wa pili wa kitanda changu. Umechelewa miaka miwili. Huyo ndiye niliyekuwa namtaka asikie. Wengine hawa nilishawazoea.

Vestina anasema umemtumia ujumbe kwa Reine, unataka barua isomwe Jumapili mbele ya watu, wewe umekaa. Mimi sitaki isomwe. Karatasi imeniponza mara moja, inatosha. Njoo na mdomo wako. Nkunzimana yu hai, macho hayaoni ila masikio yapo. Atakuwepo. Watoto wangu watakuwepo, na wale wa matanga waliobaki. Nimewahesabu, hawafiki hata kumi na watano. Utasimama au utakaa, hiyo ni juu ya afya yako, lakini utasema wewe. Uliwaambia "sikupata karatasi yoyote" kwa sauti. Uwaambie kwa sauti uliipata.

Vestina anasema umemwandikia na michezo mingi. Mimi kwanza nataka kusikia. Kucheza nitaangalia kama mwili unataka.

Kama utakufa kabla ya Jumapili, hilo halitakuwa kosa lako, lakini nitakasirika.

Fidele Ndayisaba, fundi


Kibondo, 6 Mei 2025

Mwalimu Kipriani,

Reine alikuondoa haraka, na alifanya vizuri, ulikuwa umebadilika rangi. Kwa hiyo nakuandikia yale ambayo hukuyaona.

Ulisema yote. Nilikuwa nahesabu ndani kwa ndani kama utaruka kitu, hukuruka, hata gunzi. Nkunzimana alipokwambia, "Rudia, nataka nihakikishe ni sauti yako," ukarudia kwa sauti kubwa zaidi, kama zamani mstarini. Halafu alinyoosha mkono hewani akimtafuta Fidele. Aksanti, mtoto wa Fidele, akampeleka baba yake hapo. Mzee alishika ule mkono wa Fidele hakuuachia mpaka chakula kikaja, na hata chakula kilipokuja alikula kwa mkono wa kushoto.

Wewe ulibaki kwenye kiti ukingoja mtu akuambie neno. Nilikuona. Hakuna aliyekuambia. Nami sikukuambia, na nilikuwa karibu kuliko wote.

Gari lenu lilipopotea kwenye kona, Immakulata alitoa karata bila kuuliza mtu. Tulimwita jirani yetu Nurudini akawa wa nne, tukacheza sitini na moja, wawili kwa wawili. Nilikaa na Fidele. Amesahau kuhesabu kabisa. Anatupa turufu mapema kama mtu anayefukuza kuku. Nurudini akamwambia, "Mzee, wewe unacheza au unagawa sadaka?" Fidele akasema, "Nyamaza, kijana, mimi niko likizo tangu mwaka tisini na nane." Tukafungwa mara nne. Atarudi Jumapili. Amesema safari hii atakuja na kiti chake mwenyewe, vyangu vimetengenezwa na mtu asiyejua kazi.

Alipokuwa anavaa viatu aliniuliza, "Mwalimu ana maumivu makali?" Nikasema ndiyo. Akafunga kamba ya kiatu, akaifungua, akaifunga tena. Kisha akasema, "Mwandikie." Ndiyo maana naandika. Ingekuwa ni mimi tu, nadhani nisingeandika.

Sijakusamehe. Sijui kama itakuja, na wewe huna muda wa kungoja nijue. Lakini nilikuwa nimekaa kushoto kwako, nimeona unavyoshika ubavu na kuuma mdomo kabla ya kila sentensi. Nilimuuliza Reine pembeni. Anasema dawa ya maumivu unayo, imejaa kwenye chupa, na humezi. Unamwambia haikufai.

Nimewauguza watu wa namna yako. Najua kwa nini humezi.

Meza. Isipotosha, akurudishe hospitali wakuandikie nyingine yenye nguvu zaidi. Maumivu yako hayamsaidii Pasikali, hayampelekei Konsolata jibu lake, na mimi sikuyaomba.

Vestina Ndayikeza